Wangwana na Hamu ya Unguja

Mtu akisimama pwani ya Baraka asubuhi, kabla jua halijawa kali, huona ng'ambo ya ghuba milima ya Ubwari imeketi juu ya maji kama kisiwa. Mgeni angeweza kuapa ya kuwa ni kisiwa. Ndivyo walivyodhani Wazungu wa kwanza waliofika ziwani kwetu, Burton na Speke. Walipita Ubwari mwezi wa Aprili 1858, wakienda Uvira kwa mitumbwi, nao wakaandika ya kwamba Ubwari ni kisiwa kikubwa cha Ziwa Tanganyika. Maneno yao yakaingia katika ramani za Ulaya. Mvuvi yeyote wa Ubwari angaliweza kuwasahihisha kwa neno moja. Mwaka 1876 akaja Stanley, akazunguka ziwa zima kwa mashua, akaona ya kuwa Ubwari ni rasi iliyoshikana na nchi kavu. Ghuba iliyo mbele yetu akaipa jina la Burton, nalo lingalimo katika ramani hata leo.

Hayo watoto wetu huyasoma shuleni. Mimi, ndugu wasomaji, nataka kusimulia habari za wale waliovuta makasia. Maana mashua ile haikujiendesha yenyewe, wala Stanley hakushika kasia kutwa siku hamsini na moja za safari ya kuzunguka ziwa. Walioshika makasia ni Wangwana wa Unguja. Wao walipopita mbele ya pwani zetu mwezi wa Julai 1876 hawakutafuta kisiwa kipya cha kuandika katika ramani. Walikuwa na kisiwa chao tayari, nacho kilikuwa nyuma yao, mwendo wa miezi mingi upande wa mapambazuko.

Ni akina nani hao Wangwana? Neno lenyewe lasema watu huru, watu wenye adabu za mji. Sisi wa mashariki ya Kongo twalijua sana, kwa kuwa hata Kiswahili chetu kiliitwa Kingwana kwa jina lao. Lakini tukiuliza asili yao, twaona jambo la ajabu. Wako waliozaliwa Unguja kweli. Lakini wengi walikuwa Wayao, au watu wa Nyasa, au Wazaramo, au watu wa Manyema huku kwetu; na wengi wao walifika kisiwani utotoni, kamba shingoni, wakauzwa sokoni. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mwezi wa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mapatano na Waingereza. Wengine walikuwa wamekombolewa au wameachwa huru. Wengine walikuwa bado watumwa, na sehemu ya mshahara wao ililiwa na bwana aliyebaki nyumbani akinywa kahawa.

Wazee husema, mwacha asili ni mtumwa. Hawa hawakuiacha asili yao, walinyang'anywa. Na kule walikotupwa, wakajifanyia asili nyingine: wakaoa, wakajenga vibanda vya makuti Ng'ambo ya mji, wakajifunza lugha na sala na mavazi ya pwani, wakaitana ndugu. Basi walipokuwa mbali hawakutamani tena kijiji walichochukuliwa, ambacho labda jina lake walikuwa wamelisahau. Walitamani Unguja. Kisiwa kilichowameza ndicho kilichokuwa kwao. Jambo hili nimelifikiri sana, na bado sijalimaliza.

Safari ya Stanley ilitoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874. Katika kitabu chake alisema walikuwa watu 356; lakini wataalamu waliosoma daftari zake wanaona ya kuwa walikuwa 228 tu. (Alipenda hesabu kubwa, mtu yule.) Wazungu walikuwa wanne: yeye, vijana wawili ndugu wa jina la Pocock, na Barker. Nyampara mkuu alikuwa Manwa Sera, mtu mzima aliyezoea njia za bara. Wakaenda mpaka Ziwa Viktoria, wakashuka Ujiji mwaka 1876. Kufika hapo Wazungu wawili walikuwa wamekwisha kufa kwa ugonjwa, na wapagazi wengi walikuwa wamezikwa njiani.

Ujiji ndipo hamu ile ilipotokea wazi kwa mara ya kwanza. Ndui ilikuwa imeingia mjini. Tena habari zilienea kambini ya kuwa Bwana anakusudia kuvuka ziwa na kuingia Manyema. Ikawa kila asubuhi watu wakihesabiwa, wamepungua. Zaidi ya thelathini walitoroka. Stanley alikasirika mno, akawaita waoga na wezi wa mshahara. Lakini tufikiri kidogo. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara: mtu akitoroka hapo aliweza kujiunga na msafara wa Waarabu, akapita Tabora, akafika pwani. Njia ilijulikana, visima vilijulikana. Bali mtu akivuka ziwa, mlango umefungwa nyuma yake; hawezi kurudi peke yake bila mtumbwi, wala hana ndugu upande wa pili. Wale waliotoroka walijua kusoma maji yetu vizuri kuliko ramani. Waliobaki wakavushwa mwezi wa Agosti 1876 mpaka Mtowa, kusini kwetu, wakaingia barani.

Sitaeleza habari zote za mto Kongo, maana zimeandikwa mara nyingi. Walifika Nyangwe mwezi wa Oktoba, wakapatana na Tippu Tip awasindikize kwa watu wake, wakaanza kuteremka mwezi wa Novemba. Mwisho wa Desemba Tippu Tip akasema basi, anarudi. Stanley anasimulia ya kuwa mitumbwi ilipoondoka, watu wa Tippu Tip walisimama ukingoni wakiimba wimbo wa kuagana, na Wangwana ndani ya mitumbwi wakalia hata makasia yakawalegea mikononi. Wale wa ukingoni wangerudi mashariki. Wao walikuwa wanachukuliwa na maji kwenda wasikokujua. Yakafuata mapigano, maporomoko, njaa, mitumbwi kupinduka. Tarehe 3 Juni 1877 akafa maji Frank Pocock, Mzungu wa mwisho aliyebaki pamoja na Stanley.

Sasa nifike kwa mtu ambaye kwa ajili yake nimeanza kuandika. Jina lake Wadi Safeni. Huyu hakuwa mtu wa hivi hivi. Alikuwa nahodha wa mashua ya Stanley katika Ziwa Viktoria, mtu wa shauri, aliyeokoka katika hatari nyingi ambazo wengine walipotea. Mwisho wa Julai 1877 walikuwa karibu na maporomoko ya Isangila. Wamekonda, wengine hawawezi kusimama, chakula hakipatikani ila kwa ushanga na nguo, navyo vilikuwa vimekwisha. Hapo ndipo walipopata habari ya kuwa Boma si mbali, na ng'ambo ya Boma iko bahari.

Bahari! Safeni aliposikia neno hilo akili ikamtoka. Alimjia Stanley akimshukuru Mungu kwa sauti kubwa, akasema wamefika baharini, wamefika nyumbani, njaa imekwisha. Naye atatangulia mbio mpaka pwani akawape habari ndugu zao ya kuwa wanakuja. Stanley alijaribu kumtuliza. Alikuwa na kasuku wake. Akamweka begani, akaingia msituni. Watu walipelekwa kumtafuta, wasimwone. Hakuonekana tena kamwe.

Wasomaji wengine watasema ni njaa tu iliyomharibu, na labda ni kweli. Lakini tazameni alichosema. Alidhani bahari ni moja na pwani ni moja. Kwake yeye, penye maji ya chumvi pana Unguja: pana minazi, pana msikiti wake, pana watu wake wamesimama mchangani. Hakujua ya kuwa Boma iko upande wa machweo, na ya kuwa siku ile, akisikia harufu ya bahari, alikuwa mbali na kwao kuliko siku yoyote ya maisha yake. Kati ya Boma na Unguja palikuwa na Afrika nzima, au kuizunguka yote kwa meli. Nani angemwambia?

Wengine walisalimika. Stanley alituma barua Boma, wakiipeleka Uledi, Kacheche, Robert Feruzi na mwenzao mmoja, watu waliokuwa na njaa kama wenzao. Wafanya biashara wa Boma wakaleta mchele, viazi, samaki na tumbaku. Tarehe 9 Agosti 1877 wakaingia Boma, karibu siku elfu moja tangu kuondoka. Walikuwa 114. Kama hesabu ya daftari ni sawa, kila mtu aliyefika alikuwa na mwenzake mmoja asiyefika.

Mtu angedhani ya kuwa sasa taabu imekwisha, kwa kuwa chakula kipo, na nguo, na nyumba ya kulala. Kumbe ndipo walipoanza kufa kwa njia nyingine. Walipelekwa Kabinda kungoja meli. Hawakuwa na kazi, ila kukaa na kutazama bahari isiyo yao. Stanley anaandika ya kuwa wengi waliingiwa na uzito wa moyo. Hawasemi, hawali, wanakaa tu na kichwa magotini. Magonjwa ya tumbo na ya kuvimba miguu yalikuwapo kweli, lakini yeye mwenyewe aliona ya kuwa mtu akikata tamaa ya kuiona Unguja, siku zake zilihesabika. Wakanong'onezana pia ya kuwa Mzungu atapanda meli ya Ulaya na kuwaacha. Alikuwa amepewa nafasi ya kwenda Lisbon moja kwa moja, akaikataa, akawaahidi kuwafikisha kwao yeye mwenyewe. Kwa neno hili namsifu.

Zamani za babu zetu waganga wa Ulaya waliuona ugonjwa huu pia. Mwaka 1688 kijana mmoja wa Uswisi, Johannes Hofer, aliandika katika mji wa Basel kitabu cha uganga juu ya watu waliokonda na kufa kwa kutamani kwao, naye akaupa ugonjwa huo jina la Kigiriki. Hakuna aliyewaandikia Wangwana wa Kabinda kitabu cha uganga. Nasi tunaosoma Biblia tusishangae: Wayahudi waliochukuliwa Babeli walikuwa na mito, na chakula, na nyumba, wakakaa wakilia.

Kutoka Kabinda walikwenda Luanda kwa meli ya Wareno. Huko wanne wakafa. Kisha meli ya vita ya Waingereza, Industry, ikawachukua. Watatu wakafa melini. Walizunguka Rasi ya Afrika Kusini, wakapita Natal, wakapanda kaskazini katika bahari waliyoijua. Kulikuwa na mwanamke mgonjwa sana, aliyekuwa amekwisha kusema hataiona Unguja tena. Wenzake wakamsihi kila siku ajikaze mpaka wafike. Tarehe 26 Novemba 1877 kisiwa kikaonekana.

Nimesoma ukurasa huo mara nyingi. Mashua zilipogusa mchanga watu hawakungoja. Waliruka, wakacheza pwani, wakapiga magoti na kuinamisha nyuso zao katika mchanga wa kisiwa chao, wakimshukuru Mungu kwa sauti. Habari ikakimbia mjini, watu wakaja mbio kila mmoja akitafuta uso anaoujua. Mwanamke yule mgonjwa alifikishwa mikononi mwa baba yake, na siku ya pili yake akafa mikononi mwake, katikati ya jamaa zake. Kisha ikaja siku ya malipo. Wakapanga mstari waliorudi, wakapanga mstari jamaa za waliokufa, wake na mama na ndugu, kupokea mshahara wa mtu asiyekuwapo. Kwa ajili ya Safeni sijui nani alisimama.

Hapa lazima niseme neno juu ya shahidi wetu. Karibu yote tunayoyajua tumeyapata kwa Stanley, na Stanley alikuwa mtu wa magazeti, aliyejua kusimulia. Alipenda kujionyesha kama baba na Wangwana kama watoto wake. Alikuwa mkali, aliwachapa watu, na katika kisiwa cha Bumbireh mwaka 1875 aliua watu wengi kulipiza kisasi. Tena katika kitabu chake Wangwana husema Kiingereza kizuri mno. Basi nimeyaacha maneno aliyowawekea kinywani, nikashika matendo yao: waliotoroka Ujiji, waliolia mtoni, aliyekimbilia msituni, waliokaa kimya Kabinda, waliopiga magoti mchangani. Matendo hayo yanakubaliana.

Na Unguja yenyewe haikuwa bustani ya Edeni. Karafuu zililimwa kwa jasho la watumwa, na utumwa haukupigwa marufuku kisheria kisiwani mpaka mwaka 1897. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika Unguja mwaka 1863, waliwakomboa watoto wengi sokoni, na mwaka 1868 wakajenga kijiji cha waliokombolewa huko Bagamoyo. Hapa kwetu pia, katika nchi ya Ubwari, Mapadre Weupe walijenga Kibanga mwaka 1883 wakawakusanya waliokombolewa. Mwanangwana aliyeinama kuubusu mchanga wa Unguja pengine aliinama hatua chache tu kutoka mahali alipouzwa. Aliinama hivyo hivyo.

Jambo jingine husahauliwa. Mwaka 1879 Stanley alirudi Unguja kutafuta watu wa kumfanyia kazi mfalme Leopold wa Ubelgiji kwenye mto Kongo. Akapata watu 68, na wengi wao walikuwa wale wale waliokwisha kuvuka Afrika pamoja naye. Miezi kumi na minane haijapita sana tangu siku ya mchanga, nao wakapanda meli tena. Je, mshahara ulikwisha? Je, mtu aliyezoea kukitamani kisiwa kutoka mbali huchoka akikaa ndani yake? Sina jibu, lakini jambo hilo nimeliona kwa macho yangu.

Maana nami nilikuwa mtoto wa miaka minane mwaka 1996, vita ilipofika Fizi na Baraka, tukavuka ziwa usiku kwenda Kigoma. Tulikaa Lugufu, kambi iliyo ndani ya pori la Tanzania, mbali na ziwa. Tulipewa unga wa mahindi na mbaazi za manjano. Mama yangu alikula, lakini kila jioni alituhadithia ugali wa muhogo na ndagala wabichi, na taa za wavuvi usiku, zilivyojipanga juu ya maji kama mji, na nyuma yake Ubwari ikiwa nyeusi. Wadogo zangu waliozaliwa kambini hawakuwa wameona ziwa hata siku moja, nao wakaijua Baraka yote kwa kinywa chake: mwembe gani uko wapi, jirani gani ana mbwa mkali.

Mwezi wa Oktoba 2005 warejeaji walianza kuletwa Baraka kwa meli kutoka Kigoma. Zamu yetu ilifika mwaka 2007. Meli ilipokaribia, watu wote walisogea upande mmoja, hata mabaharia wakatupigia kelele turudi katikati. Mama hakusogea. Alikaa juu ya mzigo wake, amejifunika kitenge, akasema atatazama akishuka. Mwembe wetu ulikuwa umekatwa, na katika kiwanja chetu tulikuta watu wengine. Shauri hilo lilichukua miaka miwili. Ndugu yangu mmoja alikaa Baraka miezi sita tu, akarudi Tanzania, na leo ananipigia simu kuniuliza kama ndagala wameshuka bei.

Jioni ya kwanza nilimkuta mama ameketi pwani. Nikamwambia, "Mama, chakula kiko tayari." Akanijibu, "Ngoja, baba, bado hawajawasha taa."

Mimi kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nimeamini, kwa hadithi zake za kambini, ya kuwa Ubwari ni kisiwa. Sikumwuliza, naye hakuwa amesema hivyo. Ni mimi niliyeizungushia maji. Mwaka uliofuata parokia ilinituma na wenzangu wawili kupeleka barua upande ule. Tulikwenda kwa miguu, tukaizunguka ghuba, tukalala njiani usiku mmoja. Siku ya pili, mchana, nikamwuliza mzee tuliyemkuta akianika muhogo, "Babu, Ubwari ni wapi?" Akacheka, akasema, "Umekwisha kuikanyaga tangu asubuhi."